Mchezo Uliopigwa Marufuku kwa Jina la Imani

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule za Kikristo. Humo aligusa jambo ambalo sisi Walutheri hulisahau upesi: watoto wana hamu ya asili ya kurukaruka na kutenda, basi afadhali shule iwape elimu kwa furaha na mchezo. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, katika nchi hizo hizo za Kijerumani, serikali ya Prussia ilizifunga shule za watoto wadogo zilizofundisha hivyo hivyo, tena kwa kisingizio cha kulinda imani.

Mwanzilishi wa shule hizo, Friedrich Fröbel, alizaliwa mwaka 1782 kijijini Oberweißbach, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na baba, kwa wingi wa kazi za usharika, hakuwa na nafasi naye. Mwaka 1837 Fröbel alifungua kituo cha watoto katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akakiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Mtoto alipewa kwanza mipira sita ya sufu yenye rangi mbalimbali, kisha maumbo ya mbao, halafu mchemraba uliogawanywa vipande vinane vilivyolingana. Aliubomoa na kuujenga upya: leo kiti, kesho ngazi. Ukianguka, alijaribu tena. Hivyo mikono yake iligundua nusu, robo na sehemu ya nane kabla hajajua kuandika tarakimu. Nje kulikuwa na vitalu vidogo ambamo watoto walipanda mbegu na kuzitunza. Fröbel aliamini kwamba vitu vyote vina asili yao kwa Mungu mmoja, na kwamba mtoto anayeona vipande vikiungana kuwa kitu kizima ameanza kuuonja umoja huo.

Agosti 1851 waziri wa elimu na mambo ya dini wa Prussia, Karl von Raumer, alizipiga marufuku shule hizo, akidai zinawalea watoto katika ukana-Mungu na usoshalisti. Amri ilimchanganya Fröbel na mtoto wa kaka yake, Karl Fröbel, aliyekuwa na maandishi yake mwenyewe kuhusu elimu. Mzee alijitetea, lakini amri haikuondolewa. Alifariki Juni 1852, na marufuku ikafutwa mwaka 1860. Kufikia wakati huo wafuasi wake, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikuwa wamekwisha kuipeleka kazi hiyo Uingereza na Marekani.

Tusiwe wepesi wa kumcheka waziri yule. Hofu yake tunaijua: mtoto anayejaribu mambo mwenyewe huuliza maswali, na anayeuliza huonekana hana utii. Katika chekechea nyingi za sharika zetu watoto wa miaka minne huketi kimya asubuhi nzima wakinakili herufi, kwa sababu sisi wazazi tunataka kuona daftari limejaa. Hatukuandika amri yoyote, lakini mchezo tumeupiga marufuku.

Nabii Zekaria, alipoonyeshwa Yerusalemu itakayorejezwa, aliona wazee wenye mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza (Zek. 8:5). Kwake mchezo wa watoto ulikuwa ishara kwamba Mungu amerudi kukaa na watu wake. Kama ndivyo, kuulinda ni sehemu ya huduma yetu, na hauhitaji fedha nyingi. Fundi seremala wa usharika ana vipande vya mbao anavyovitupa kila siku. Vipigwe msasa, viletwe darasani. Nyuma ya kanisa pana ardhi ya kutosha kwa vitalu vya maharage. Tuanzie hapo.