Arosto ya vichangamshi: Namna wataalamu wanavyoipima

MTU aliyezoea dawa za kulevya za kundi la vichangamshi, kama vile kokeini, methamfetamini au mirungi, anapoacha ghafla hupatwa na hali ambayo mitaani huitwa arosto. Tofauti na arosto ya heroini, hali hiyo haionekani kwa urahisi, na ndiyo sababu yakatengenezwa madodoso maalumu ya kuipima.

Suala hilo linaigusa kwa karibu Mpemba, eneo lililo kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mwendo mfupi kabla ya kufika mpakani Tunduma, mkoani Songwe. Hapo ndipo inapochepuka pia barabara ya kwenda Isongole wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Madereva wa masafa marefu Afrika Mashariki ni miongoni mwa makundi yanayojulikana kutafuna mirungi ili kufukuza usingizi, ingawa mmea huo ni haramu nchini Tanzania.

Aidha, Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Mkoa wa Iringa nao unapitiwa na barabara hiyo hiyo.

Dalili zake

Vichangamshi huongeza dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na ari. Matumizi yanapokoma, mhusika hubaki na moyo mzito, uchovu, ndoto za kutisha na njaa kali. Wapo wanaolala mchana kutwa na wapo wanaokosa usingizi kabisa. Baadhi huzubaa, wengine huhangaika bila kutulia.

Utafiti uliofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2005, ukihusu wagonjwa waliolazwa baada ya kuacha amfetamini, ulionyesha kuwa dalili kali hupungua ndani ya siku 7 hadi 10. Dalili nyepesi ziliendelea kwa angalau wiki mbili zaidi.

Vipimo vitatu

Kipimo kinachojulikana zaidi kwa watumiaji wa kokeini kilichapishwa Marekani mwaka 1998. Kina vipengele 18, na kila kimoja hupewa alama 0 hadi 7. Anayekijaza ni mhudumu wa afya, ambaye pamoja na kuuliza maswali huhesabu pia mapigo ya moyo. Watafiti walibaini kuwa wanaoanza tiba wakiwa na alama za juu hupata ugumu zaidi kuacha.

Kwa upande wa amfetamini, wataalamu wa Thailand walitoa dodoso la maswali 10 mwaka 1999. Dodoso jingine, lenye vipengele 16, lilichapishwa mwaka 2008. Hilo hugawa dalili katika mafungu matatu: wasiwasi na huzuni, uchovu, na hamu ya kurudia dawa. Kila kipengele hupata alama 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 64.

Alama za siku moja pekee hazitoshi. Mhudumu hulinganisha za leo na za jana, na ikiwezekana hupima saa ile ile kila siku. Zikipungua, mwili unarejea katika hali yake. Zikipanda ghafla, au huzuni ikibaki palepale wakati uchovu umekwisha, mgonjwa anahitaji uchunguzi zaidi.

Kosa la kuepukwa

Ni hatari kumpima mtumiaji wa vichangamshi kwa kipimo cha heroini. Kipimo hicho hutafuta jasho, kutapika, kuharisha na maumivu ya viungo, dalili ambazo yeye huenda asiwe nazo. Atapata alama ndogo na kuonekana mzima, wakati anafikiria kujiua. Kipimo cha mkojo nacho huonyesha kama dawa imetumika. Hakionyeshi ukali wa arosto.

Lugha pia ina uzito. Madodoso haya yalitungwa ughaibuni, na kuyatafsiri neno kwa neno hakutoshi. Mgonjwa anayesema "mwili hauna nguvu" huenda anaeleza huzuni, na akiulizwa kuhusu "hamu" huenda akadhani ni ya chakula. Tafsiri sharti ijaribiwe kwa waraibu wenyewe kabla ya kutumika.

Tiba

Methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ni kwa ajili ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Kwa vichangamshi hakuna dawa inayolingana nayo. Tegemeo kubwa ni ushauri nasaha, mapumziko, lishe, na utaratibu wa kumtuza mgonjwa kila mkojo wake unapokutwa hauna dawa.

Kwa familia, siku za kulala mfululizo zisichukuliwe kuwa uvivu wala uthibitisho wa kupona. Mgonjwa akitamka kuwa maisha hayana maana, asiachwe peke yake. Afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu.