Posho Mbichi: Chakula Kilichowaua Wapagazi wa Kariokor

Wakazi wengi wa Ziwani, Nairobi, wanajua kwamba jirani yao Kariokor ilipata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kinachonikera ni kinachosimuliwa baada ya hapo: eti wapagazi waliangamizwa na homa na hali ya hewa ya Tanganyika. Maelezo hayo yanamwondolea lawama kila aliyekuwa na madaraka. Ipo ripoti ya 1919 inayoeleza vingine, na aliyeiandika ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi hao, Luteni Kanali Oscar Watkins. Wachache mno wameisoma.

Vita vyenyewe vinajulikana. Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alishambulia upande wa Kilimanjaro Machi 1916, kisha akayasukuma majeshi hayo kusini kwa kasi kuliko chakula chao. Farasi, nyumbu na ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Malori yakakwama matopeni. Kikabaki kichwa cha mwanadamu.

Tufanye hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 50, na posho yake ya siku ilikaribia ratili mbili. Akibeba unga siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula ratili 40 njiani. Askari aliye mbele anapata 10 tu. Kadiri jeshi lilivyoiacha reli nyuma ndivyo lilivyohitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi, kwa hiari au kwa nguvu, na vijiji vya Nyanza, Ukambani na Kikuyu vikabaki bila vijana.

Watu hao hawakuwa na mlo mmoja. Wengine walikulia kwenye mtama na wimbi, wengine muhogo na samaki, wengine viazi vitamu na maharagwe, na wenzao wa Uganda matoke. Jeshi likawapa wote unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, umejaa chenga. Mpagazi alifika kambini giza limeingia, mvua inanyesha, kuni zimelowa. Akakoroga unga kwenye maji ya vuguvugu, akaumeza ukiwa haujaiva, akalala. Matumbo hayakustahimili. Vijidudu vya kuhara damu vilikuwepo, sikatai, lakini vilimkuta mtu ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kuharibiwa na posho. Madaktari wa jeshi waliliona jambo hilo vita vikiendelea. Mafuriko ya Rufiji mwanzoni mwa 1917 yalipokata njia, hata askari wa Nigeria walio mstari wa mbele walishinda njaa. Aliyekuwa chini yao kwa cheo alikula nini?

Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa rasmi vinazidi 40,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyezichambua kumbukumbu za wapagazi kwa subira kuliko yeyote, aliona idadi halisi inakaribia laki moja.

Sina subira pia na wanaomsifu von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kwa kuishi kwa chakula cha nchi. Chakula cha nchi kilikuwa na wenyewe. Huko Ugogo, katikati ya Tanganyika, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka, Waingereza waliowafuata wakachukua nafaka zaidi na watu wa kubeba, kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, iliyoitwa Mtunya, iliua watu wapatao 30,000. Kamanda ambaye jeshi lake linakula mbegu za mkulima hastahili kuitwa bingwa wa ugavi.



Watkins hakuishia kwenye ripoti. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo hakuna jamaa aliyefika kuidai, ilibaki mikononi mwa serikali. Kwa miaka mingi maofisa wachache, yeye akiwemo, walidai fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, nayo serikali ya Uingereza ikakataa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ya Watkins ichapishwe kwa Kiswahili na kusomeshwa katika shule za Ziwani na Kariokor, pamoja na orodha za majina ya wapagazi popote zitakapopatikana.