Matende na kazi za shamba (Milola na pwani ya Lindi)

Matende ni uvimbe wa kudumu wa mguu, na mara chache wa mkono au titi, unaoletwa na minyoo myembamba kama uzi iitwayo Wuchereria bancrofti. Kwa wanaume minyoo hiyohiyo huleta busha, ambalo watu wa afya huliita pia ngirimaji. Maradhi haya yapo katika nchi nyingi za joto. Ulimwengu ulipoanza mpango wa kuyatokomeza mwaka 2000, walioambukizwa walikadiriwa kufika milioni 120, na milioni 40 kati yao walikuwa tayari na ulemavu. Nchini Tanzania ukanda wa pwani ndio ulioathirika zaidi, na mkoa wa Lindi umo katika maeneo ambayo ugonjwa huu umekawia kuondoka.

Kata ya Milola iko bara kidogo kutoka mji wa Lindi, jirani na Rutamba. Watu hulima ufuta, korosho, mihogo na mbaazi, na zana kuu ni jembe la mkono. Kwa hiyo mguu ni chombo cha kazi sawa na mpini.

Pwani nzima utasikia kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi, na wapo wanaosema matende ni kukanyaga kitu kilichotegwa njiani. Dafu halina kosa. Minyoo huenezwa na mbu wanaouma usiku, wakati vijidudu vyake vinapopanda kwenye damu ya juu. Minyoo iliyokomaa hukaa miaka sita hadi minane ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, maji ya mwili yakakosa pa kupita, yakatuama mguuni. Huenda mtu akaambukizwa utotoni na mguu ukaanza kuvimba akiwa mtu mzima, jambo linaloeleza kwa nini lawama huangukia dafu la jana.

Anayelima na mguu wa matende atakwambia kwamba uzito wake huzoeleka. Kinachomlaza ni homa. Ngozi iliyovimba hupasuka kirahisi katikati ya vidole, bakteria huingia, na kwa siku kadhaa mguu huwa mwekundu, wa moto, usioguswa, pamoja na baridi kali na mtoki kwenye kinena. Kila homa inapopita huuacha mguu mnene kuliko ulivyokuwa. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Ghana katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba homa hizi hushamiri wakati wa mvua, yaani wakati wa kulima. Sababu zake hazihitaji mtaalamu: tope, unyevu wa kutwa, visiki, na jembe lenyewe linapoteleza. Lindi, ambako mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika Aprili au Mei, palizi la ufuta huangukia humohumo. Siku tano za kulala ndani wakati huo zinatosha majani kuumeza ufuta.

Kinga ya homa ni beseni. Dakta Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife, Brazili, ndio waliosaidia kuonyesha kwamba usafi wa kawaida unaweza kuupunguza sana ugonjwa uliodhaniwa hauna la kufanywa. Mguu huoshwa kila siku kwa maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida, ya mche ikitosha, kuanzia goti kushuka. Kila kikunjo cha ngozi hufunuliwa. Kati ya vidole, ambako vidole vya mkono havipenyi, hupitishwa kitambaa laini. Kisha mguu hukaushwa kwa kubonyeza taratibu, bila kusugua, na penye mpasuko hupakwa dawa. Jioni huinuliwa juu ya kigoda, na usiku upande wa miguuni wa kitanda huwekewa tofali. Ni rahisi kusema. Penye kisima cha mbali, ndoo ya kuoshea mguu hushindana na ya kupikia.

Mabuti ya mvua hayaingii kwenye mguu wa namna hii. Katambuga, kwa kuwa hukatwa kutoka kwenye tairi kwa kipimo cha mvaaji, hufaa kuliko viatu vingi vya dukani, mradi kamba zake zisichome ngozi.

Kazi nazo zina ngazi zake. Kubeba mgongoni bomba la mota la kupulizia salfa kwenye mikorosho ni kazi ya kumwachia mwingine. Kutenganisha korosho na bibo, kubangua, au kukung'uta ufuta juu ya turubai ni kazi zinazoweza kufanywa kwa kukaa, mguu ukiwa umenyooshwa. Lakini kukaa kutwa nzima nako huyatuamisha maji mguuni, hivyo kifundo huzungushwa kila baada ya muda na mtu hutembea kidogo.

Dawa za kumeza, ivermectin na albendazole, zilianza kugawiwa Tanzania Bara mwaka 2000, Mafia ikiwa ya kwanza. Mgawaji hupima urefu kwa kijiti ndipo ajue idadi ya vidonge. Humeza hata asiye na dalili, maana lengo ni kumnyima mbu vijidudu. Vidonge havirudishi mguu uliokwisha kuvimba, na anayevimeza kwa tumaini hilo ana haki ya kuambiwa mapema.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi. Mkulima wa ngwe mbili za ufuta hana mwajiri. Kinachoweza kumfikia ni mkopo wa halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengewa watu wenye ulemavu.

Busha lina njia yake: hupasuliwa, na mtu akapona akarudi kupanda mnazi au kuendesha baiskeli. Baada ya upasuaji, hata hivyo, kazi nzito hukatazwa kwa majuma kadhaa. Kwa mkulima wa Milola muda unaofaa ni mwembamba: ufuta ukishauzwa, korosho hazijaanza kudondoka.