Lehemu ya Kyerwa: Gari la Kiingereza na Mafundi wa Karagwe

Kiswahili kina maneno mawili ya kuuelezea ukongwe wa kitu, na maneno hayo hayalingani kwa uzito. Kanzu iliyochakaa ni kuukuu; msikiti uliojengwa na mababu ni wa kale. Kilicho kuukuu kimepungua kwa kutumika, ilhali kilicho cha kale kimeongezeka thamani kwa kudumu. Gari, kwa wasemaji wengi wa lugha hii, limewekwa katika fungu la kwanza bila ya mjadala. Huko Uingereza gari lililopita umri wa miaka 40 laweza kuandikishwa serikalini kuwa ni chombo cha kihistoria, likasamehewa kodi ya barabara, na mwenyewe akalifunika turubai wakati wa mvua na kulitoa siku za jua. Basi Land Rover mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja cha Solihull, katika mwezi mmoja, zaweza leo moja ikawa ni kitu cha kale na ya pili ikawa ni kuukuu tu. Tofauti haiko katika chuma. Iko katika yaliyozipata huko zilikopelekwa, na hayo husomeka vizuri katika nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja.

Gari lenyewe lilizaliwa kwa dhiki, na hili halina budi kukumbukwa. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales, na shambani humo akitumia jipu la Kimarekani lililosalia vitani. Alitaka kampuni yake iunde gari la namna hiyo kwa wakulima. Chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kibali baada ya vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa mabamba ya aloi ya alumini, nayo rangi ya mwanzo ikawa ile ya kijani iliyobakia katika maghala ya ndege za kijeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa Amsterdam. Lilikusudiwa lidumu miaka michache tu, mpaka biashara ya magari ya anasa itakapofufuka. (Wasomaji wa visiwani wataitambua kasoro moja iliyofichika katika ubunifu huo: alumini haishiki kutu, lakini fremu iliyo chini yake, yaani chesisi, ni ya chuma, na hewa ya chumvi huitafuna kimyakimya ilhali bodi ingali inang'aa. Bara, mbali na bahari, chesisi hiyo huishi zaidi.)

Karagwe halikuwa jambo geni kuenzi chuma. Wahunzi wake, abahesi, walijulikana karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, na miongoni mwa hazina za watawala wa ukoo wa Bahinda huko Bweranyange zilikuwamo nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma. Speke na Grant walipopokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, walikuta nchi ambayo ndani yake kazi ya mhunzi ilikuwa karibu na kiti cha enzi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, palichimbwa madini ya bati huko Kyerwa chini ya utawala wa Waingereza, na jina la kampuni ya Kyerwa Syndicate likabaki katika kumbukumbu ya mahali hapo. Bati hilo lilisafirishwa nje. Jambo hili lihifadhiwe kichwani, kwani litarudi.

Gari la Kiingereza liliingia katika nchi hiyo kama chombo cha kazi, wala si cha fahari. Malori ya Bedford yalibeba kahawa. Morris na Austin zilikuwa za wachache, tena zilishindwa mapema na udongo mwekundu wa masika. Land Rover ndiyo iliyopanda milima. Ilikuwa gari la mkuu wa wilaya, la bwana shamba, la bwana mifugo, la misheni na la hospitali, na baada ya Uhuru wa 1961 ikabadilisha abiria bila ya kubadilisha njia. Springi zake za mabamba zilimtikisa kila aliyepanda, mkubwa na mdogo. Giaboksi yake, kabla ya matoleo ya 1971, ilimtaka dereva akanyage klachi mara mbili anaposhuka hadi gia ya pili au ya kwanza, na asiyejua alisikika tangu mbali. Betri ikifa, palikuwa na hendeli ya kuizungusha injini kwa mkono, pale mbele kwenye bampa. Shafti za ekseli ya nyuma zilikuwa dhaifu kuliko mwili ulivyoonyesha, na dereva wa safari ndefu alikuwa na busara akibeba shafti ya akiba chini ya siti.

Ufundi wa kulitunza ulipitia mikono ya Waasia. Katika miji ya Afrika Mashariki, gereji nyingi zilikuwa za Makalasinga na Wahindi wengine, na ndani yake vijana wa Kiafrika waliingia kama washika spana, wakajifunza kwa macho kuliko kwa kuelezwa. Mishahara yao na heshima waliyopewa si mambo ya kusifia. Lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967, na khasa baada ya sheria ya 1971 ya kutaifisha majumba ya kupangisha, Waasia wengi waliondoka nchini, na washika spana wa jana wakawa ndio mafundi wa leo. Walirithi kazi katika wakati mgumu kuliko wote.

Maana yaliyofuata yalikuwa ni kufungwa kwa milango, mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu wa Karagwe, Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, lakini mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliufanya mpaka wa Uganda kuwa wa hatari. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mpaka wa Kenya nao ukafungwa, usifunguliwe tena hadi Novemba 1983. Na Nairobi ndiko zilikokuwa zikitoka spea nyingi, nako Thika kiwanda cha Leyland kilikuwa kimeanza tu kuunganisha magari. Njia iliyobakia ni ya reli hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba, kisha lori hadi milimani, kwa bidhaa ambazo fedha za kigeni za kuziagizia hazikuwapo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Karagwe iko ng'ambo ya kusini ya mto, kwa hiyo haikukatwa na nchi, lakini ilijikuta ukingoni mwa vita. Serikali ilichukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi kupeleka askari na chakula, na hata baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979, gharama za vita ziliendelea kulipwa na kila aliyehitaji mafuta, tairi au plagi. Ndiyo miaka ambayo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri.

Inafaa kusema wazi kwamba hapo ndipo Land Rover ya Karagwe ilipozeeka. Gari lililonunuliwa 1970 halikuwa kuukuu mwaka 1977. Miaka 7 si umri wa gari lenye kutunzwa. Lilizeeshwa na uhaba katika muda mfupi, na kuanzia hapo likaishi kwa akili ya fundi. Anayehesabu historia ya gari hili kwa matoleo ya kiwandani, la kwanza, la pili na la tatu, anaandika historia ya Solihull. Historia ya Karagwe yahesabiwa kwa vitu vilivyokosekana.

Lilikosekana bushi la mpira, fundi akalichonga kutokana na tairi lililokwisha. Likavunjika bamba la springi, likatafutwa la lori, likakatwa, likapigwa moto. Hapa mkono wa omuhesi na mkono wa makenika haukuwa mbali sana: makaa, mivukuto, nyundo, na jicho la kuijua rangi ya chuma kinapokuwa tayari. Yakapotea maji ya rejeta kwa tundu lisiloonekana, na fundi akaizamisha rejeta katika pipa, akaiziba upande mmoja na kupuliza upande wa pili, akangoja mapovu yamwoneshe. Kisha akailehemu. Na lehemu ni nini, ikiwa si bati lililochanganywa na risasi? Madini yaliyochimbwa Kyerwa yakaenda ng'ambo kuyeyushwa yalirejea kama kijiti cha kijivu cha kuzibia gari la Kiingereza, kwa bei ambayo mchimbaji hakupata kuijua. Hakuna awezaye kusema chembe ipi ilitoka kilima kipi, lakini duara lenyewe ni la kweli, na ni muhtasari mzuri wa biashara ya ukoloni kuliko jedwali la forodha.

Halafu kuna spana. Nati za magari hayo ya zamani zilipimwa kwa inchi na sehemu za inchi, tena kwa mifumo zaidi ya mmoja ya nyuzi, kiasi kwamba seti ya spana za Kiingereza ilikuwa ni mali ya kurithishwa. Ilipofika bajeti ya 1984, serikali ikiwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, pikapu za Kijapani zilianza kumiminika, na pamoja nazo spana za milimita. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, huingia, lakini hucheza, na hatimaye huila nati mpaka ikawa duara. Vijana waliofunzwa kwa Toyota waliziharibu nati nyingi za wazee kwa tofauti hiyo ya nywele tatu. Kisha 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda, kambi zikasambaa Ngara na Karagwe, na mashirika ya misaada yakaja na Land Cruiser nyeupe. Wakimbizi walirejeshwa Desemba 1996. Land Cruiser zilibaki katika macho ya watu kama sura mpya ya gari la serikali na la msaada, na Land Rover ikashuka daraja: ikawa ya kubebea ndizi, matofali na abiria wa minada.

Ikashuka, lakini haikusimama. Injini ya petroli iliyokunywa kupita kiasi ikang'olewa, ikawekwa ya dizeli ya Kijapani. Mpenzi wa magari wa Uingereza huliona hilo kuwa ni kufuru. Lakini mamlaka za usajili za nchi hiyohiyo kwa miaka mingi zilikuwa na kipimo cha alama cha kuamua kama gari lililogeuzwa bado ni lilelile, na kipimo hicho kina la kufundisha. Chesisi ilipewa alama 5. Springi na viungo vyake, ekseli, giaboksi na usukani, kila kimoja alama 2. Injini, ambayo watu huidhania kuwa ndiyo roho ya gari, alama 1 pekee. Jumla ni 14, na gari lilitakiwa kubaki na 8. Kwa hesabu hiyo, Land Rover iliyovishwa injini na giaboksi za Toyota ingali na alama 11, na ingepita. Ingeanguka pale tu chesisi ilipokatwa na kugeuzwa ili kuupokea moyo huo mgeni, maana hapo alama 5 hupotea kwa pigo moja. Fundi wa Kayanga au Nkwenda hakuwahi kuulizwa alama. Aliulizwa kama gari litafika Murongo kabla ya mvua.

Uandishi wa historia haujamtendea haki. Majina ya wakuu wa wilaya na ya wamisionari yamo katika majalada. Kahawa ya wilaya ina vitabu vya hesabu vya vyama vya ushirika. Lakini mtu aliyeyafanya magari yao yatembee hakuandikiwa hata mstari. Ujuzi wake ulikuwa masikioni na vidoleni, na wengi wa kizazi cha 1977 wamekwisha kufariki. Heshima imeanza kurudi, ila kwa gari na si kwa mkono: Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha wakitaka kuvunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari hayo zaidi ya 600, na picha zikasambaa ulimwenguni. Solihull ilikuwa imekwisha kuacha kuunda gari la umbo hilo la zamani tangu tarehe 29 Januari 2016.

Lami ilifika Bugene kutokea Kyaka katika miaka ya 2010, na gari la kupanda milima likapoteza sababu yake moja kubwa. Wanunuzi wa chuma chakavu hufika na mizani. Mabamba ya alumini yanayotoka katika magari ya namna hii huyeyushwa yakawa sufuria, na chesisi hukatwa vipande. Rejeta ndiyo hutolewa kwanza na kuwekwa kando, kwa sababu shaba hununuliwa kwa bei ya juu kuliko chuma, pamoja na mistari ya lehemu iliyovimba juu yake, mmoja kwa kila tundu lililozibwa.