Mvuvi Asiye na Fimbo

Ukisimama gatini Mkoani, kisiwani Pemba, maji yakipwa, kisiwa cha Makoongwe kiko mbele ya macho yako, mwendo mfupi tu wa mashua. Chungulia ndani ya ngalawa inayorudi kutoka nje. Utaona mishipi iliyozungushwa kwenye vibao, ndoana zimechomekwa kwenye kipande cha ndara kuukuu, risasi mbili tatu, mabaki ya ngisi wa chambo, na kopo la kufulia maji. Fimbo ya kuvulia huioni.

Wavuvi wa kwingineko duniani hubishana usiku kucha juu ya fimbo ipi inafaa uvuvi upi. Pemba ubishi huo upo, ila haujawahi kuwa wa fimbo. Watu hubishana unene wa mshipi, namba ya ndoana, uzito wa chubwi na hali ya maji.

Ndoana ni kongwe kuliko fimbo, au tuseme ushahidi wake ndio uliodumu, kwani mti huoza. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, wataalamu walifukua ndoana zilizochongwa kwa kombe za konokono wa bahari, zenye umri wa miaka 23,000 hivi. Fimbo tunaiona baadaye sana, kwenye michoro ya makaburi ya Beni Hasan nchini Misri, yapata miaka 4,000 iliyopita. Mwandishi Aelian naye, katika enzi ya Warumi, aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili samaki wa mtoni wadhani ni mdudu. Fimbo yao ilikuwa ya futi 6, na uzi wao urefu uo huo.

Wamakedonia hao walikuwa wakivua mto. Fimbo ni mkono ulioongezwa urefu, na anayeuhitaji ni aliyesimama ukingoni huku samaki wako mbali naye. Mwenye chombo huwafuata waliko.

Pwani yetu imeandikwa mapema pia. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja kisiwa cha Menouthias, chenye mitumbwi ya gogo na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, ambako watu walitega vikapu kwenye midomo ya mikondo ya maji. Wanahistoria hawajakubaliana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi ni mtu wa kuvutia kwangu, kwa hiyo nasema Pemba. Lakini hata ukikipeleka Mafia, vikapu vile anayejua mitego ya dema na wando atavitambua bila kuelekezwa. Fimbo haitajwi.

Sababu iko chini ya maji. Enzi za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara, lakini Pemba haikuungana. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha zaidi ya mita 800, na upande wa magharibi mwamba hushuka ghafla kama ukuta. Mtu wa Makoongwe hana haja ya kutupa mshipi mbali. Anapiga makasia au anatweka tanga, na baada ya muda samaki wakubwa wako chini ya miguu yake. Zaidi ya hayo, ngalawa ni nyembamba. Simama na fimbo ndefu humo, jodari akivuta kwa nguvu, uone nani atamvua mwenzake.

Fimbo hufanya kazi tatu: kutupa chambo, kupinda ili uzi usikatike samaki anapovuta, na kuleta habari kutoka chini. Kutupa hakuhitajiki hapa. Kupinda kunafanywa na mkono unaoachia na kurudisha, na chombo chenyewe kinachokubali kuburutwa. Habari huletwa na kidole cha shahada, ambacho mshipi hupita juu yake. Kidole hicho hujua changu anayedonoa na kuacha, na hakimchanganyi na chewa anayemeza kisha akatulia kama jiwe.

Kwa changu na tasi wa miambani, mshipi huwa mwembamba na ndoana ndogo, maana mdomo wao mdogo na wana hila. Kwa chewa unataka mshipi mnene wa kumkaba papo hapo, kwa sababu sekunde chache tu zinamtosha kuingia pangoni na kujikwamisha. Nguru hana pango ila ana meno, kwa hiyo karibu na ndoana huwekwa waya, na huvuliwa kwa kurambaza: chombo kinakwenda kwa tanga na mshipi unafuata nyuma. Bamvua likiwa kali, mkondo huchukua chubwi na kuupeleka mshipi mlalo, hugusi chini. Hapo ama unaongeza risasi ama unasubiri maji mafu. Mzee wa bahari husubiri, na kijana huongeza risasi mpaka mshipi unanasa.

Huko kwingine mkono ule wa mti uliendelea kubadilika. Mchoro wa Ma Yuan wa China, wa mwaka 1195 hivi, unamwonyesha mvuvi mwenye fimbo yenye gurudumu la kukunjia uzi. Uingereza ya 1653 ilipata kitabu cha Izaak Walton juu ya uvuvi wa mitoni. Katika miaka ya 1840 huko Pennsylvania, Samuel Phillippe alipasua mwanzi, akaunganisha vipande vyake kwa gundi na kupata fimbo nyepesi inayopinda bila kuvunjika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja nyuzi za kioo, na miaka ya 1970 ikaja kaboni. Karibu yote hayo yaliipita Makoongwe kando.

Kilichofika ni uzi. Nailoni ilitangazwa na DuPont mwaka 1938, na katika miongo iliyofuata ikaziondoa baharini kamba za pamba, zilizoloa, zikavimba na kuoza zisipoanikwa. Nailoni haioti ukungu, na samaki haioni vizuri. Kwa mvuvi wa mshipi, huo ndio uvumbuzi mkubwa wa karne ya 20. Mapinduzi ya kaboni aliyasikia tu.

Fimbo zilikuja na wageni. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi, Kenya, mwaka 1934. Mwaka 1939 ikaundwa IGFA, jumuiya ya kimataifa inayoandika rekodi za samaki kwa kufuata nguvu ya uzi. Shimoni, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, ikawa kituo cha matajiri wanaowinda nduaro na sulisuli. Fimbo zao za kurambaza ni fupi na nene, zenye vigurudumu vya kupitishia uzi, na mvuvi hufungwa mkanda kiunoni. Za kurushia chambo cha bandia juu ya maji ni ndefu, mita 2.4 hivi, ili kirushwe mbali. Za kuchezesha chuma kilindini ni fupi na nyembamba kwa kuwa mkono huinua na kushusha mamia ya mara kwa siku. Za inzi bandia ni laini kuliko zote, kwani huko kinachorushwa ni uzito wa uzi wenyewe. Zipange kando kando utagundua kila moja imechukua sehemu moja tu ya kazi ya mkono ule wa ngalawani.

Anayekuja Makoongwe na fimbo yake, basi, kama atavua gatini au juu ya mwamba, aje na ya kurushia ya mita 2.4 hadi 2.7, na bora iwe ya nyuzi za kioo kuliko ya kaboni, kwa sababu kaboni ikigongwa ukingoni hupata ufa usioonekana na kukatika siku ya samaki mkubwa. Akialikwa kwenye ngalawa, aiache nyumbani kwa mwenyeji. Aazime mshipi, na aombe kipande cha mpira wa baiskeli cha kuvisha kidole, maana nailoni ikikimbia na kolekole hukata nyama kama wembe, na maji ya chumvi yanasubiri papo hapo.