Mtoto asiyeachia nyonyo au kanga ya mama

Makuyuni, wilayani Korogwe, kama kwingine mkoani Tanga, mtoto hukulia mgongoni. Mama akienda shambani, sokoni au kuchota maji, mtoto yuko ndani ya kanga, anasikia joto na harufu yake. Basi siku mama akitoka peke yake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu huing'ang'ania kanga ileile, na anaipenda zaidi ikiwa haijafuliwa. Bibi akiifua, ni kilio.

Hiyo si tabia mbaya, wala mtoto hajadekezwa. Kuanzia miezi 8 hivi, mtoto anaanza kutambua kuwa mama anaweza kuondoka, lakini hajawa na uhakika kuwa atarudi. Kitu chenye harufu ya mama humsaidia kuvumilia mpaka arudi. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1953, na watoto wa huko walikuwa na blanketi na midoli. Wengi huacha wenyewe wanapokua. Usimnyang'anye wala kumcheka mbele ya watu.

Shida kubwa ya kanga ni uchafu. Bahati nzuri doti lina vipande viwili: lala na vyote, mwachie mtoto kimoja huku kingine kikifuliwa. Ila kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, usimwachie kitambaa kilicholegea karibu na uso anapolala. Kinaweza kumziba pumzi.

Nyonyo, yaani chuchu ya plastiki, inahitaji uangalifu zaidi. Mtoto mchanga akinyonya plastiki anapokuwa na njaa, ananyonya titi mara chache, na maziwa ya mama hupungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanataka mama aelezwe madhara yake kabla hajaamua kuitumia. Kama umeamua, subiri kwanza unyonyeshaji ukae sawa, na mtoto akionyesha njaa mpe titi.

Nyonyo ikianguka chini, ioshe kwa maji safi na sabuni. Ya mtoto chini ya miezi 6 ichemshe mara kwa mara. Kuifuta kwa nguo au kuilamba wewe mwenyewe hakuisafishi. Unampa vijidudu vya mdomo wako, wakiwemo wanaotoboa meno. Usiichovye kwenye sukari. Asali ni hatari zaidi kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto, sumu inayolegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Usiifunge kwa kamba shingoni, hata kama inapotea kila siku. Ikipasuka, itupe, maana kipande kinaweza kumkaba.

Anza kuipunguza mtoto akifikisha miezi 6 hadi 12, kwa sababu matumizi ya muda mrefu huongeza maambukizi ya masikio. Akipita miaka 2 au 3 nayo bado mdomoni, meno ya mbele huanza kupinda. Anza na mchana: iweke mbali akiwa anacheza, abaki nayo wakati wa kulala tu, kisha muda huo nao upunguze. Mwambie bibi, dada wa kazi na kila anayemlea, la sivyo mtoto atajua kwa nani aiombe. Kupaka pilipili au shubiri tusifanye. Pilipili huchoma mdomo na mtoto akijipangusa huingia machoni. Pia usianze wiki ambayo anaumwa, mmehama, au amezaliwa mdogo wake.

Mpeleke kliniki ikiwa hageuki anapoitwa, masikio yanatoa usaha, amefikisha miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, au anashika kitu chake siku nzima bila kutaka kucheza wala kumtazama mtu.