Kesi ya Nyani kwa Ngedere

Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, Uingereza ilimtuma Kanali Arthur Young kuwa kamishna wa polisi nchini Kenya. Alichotaka kilikuwa rahisi kukitamka: polisi wafuate sheria, si matakwa ya wakuu wa wilaya. Lakini wapelelezi wake walipofuatilia malalamiko ya watu waliopigwa na ndugu waliouawa, mara nyingi nyayo ziliishia kwa homugadi, wanamgambo wa serikali yenyewe.

Gavana Evelyn Baring alihofia kwamba kuwashtaki kungewavunja moyo Waafrika waliosimama upande wake. Desemba mwaka huohuo Young alijiuzulu, hata mwaka hajaumaliza. Januari 1955 Baring akatangaza msamaha. Uliwagusa wapiganaji wa msituni, na homugadi pia.

Je, serikali ya kikoloni inahitaji ofisi huru ya malalamiko? Wapo wanaosema swali lenyewe ni kichekesho: utawala uliosimama juu ya dhuluma hauwezi kuajiri mtu wa kuichunguza dhuluma hiyo. Kisa cha Young kinawapa haki nusu. Ofisi ya namna hiyo isingeugeuza ukoloni kuwa wa haki, na gavana angeweza kuifunga wakati wowote.

Nusu ya pili iko Hola. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi hiyo walipokataa kufanya kazi. Tamko la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa hakimu ulionyesha ni kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Malalamiko hayakuwa haba. Mahabusu waliandika barua kutoka kambini, nyingine zikavuka bahari hadi kwa wabunge wa London. Kilichokosekana ni msomaji ambaye mshahara wake na cheo chake havikutoka kwa mlalamikiwa. Msomaji huyo angeandika “walipigwa” siku ileile, mashahidi wakiwa hai.

Badala yake neno hilo lilisubiri. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya waathirika 5,228. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa, na malalamiko yao bila jibu.